Amri imepotelea wapi kati ya risiva na mota?

Hotuba kwa mafundi vijana wa dishi na redio, Mtwara mjini

Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi ninyi mliotoka mbali. Naona mafundi wa Masasi, wa Newala, wa Tandahimba, na kuna kijana mmoja hapa mbele kaniambia ameondoka Lindi alfajiri na basi la kwanza ili awahi. Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie dishi la mota lisiloitikia risiva yake. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo wote, kwa sababu sijaona kosa lingine katika kazi yetu linalomtoa mteja pesa bure kama hili. Mnalijua linavyokuja. Mteja anabonyeza rimoti, anachagua setilaiti nyingine, kwenye TV kinatokea kile kipicha cha dishi kinachozunguka, risiva inasema iko njiani. Juu ya paa kimya. Dishi limekaa vilevile lilivyolala jana. Anaitwa fundi. Fundi anapanda, anaigonga mota kwa mpini wa spana, anasikiliza, anashuka, anajifuta mikono, anasema: "Mzee, mota imekufa."

Mota nyingi zinazosemwa hivyo ni nzima. Nimekuja kulisema hilo, na kuwaonyesha namna ya kulijua kabla hujamtuma mteja Dar es Salaam kununua nyingine.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mikindani, mtu wa mashamba ya korosho, ambaye mwanawe alimfungia dishi la mota ili apate chaneli za bure za setilaiti tatu nne bila kulipia kila mwezi. Siku moja likagoma kuzunguka. Nikapanda, nikabonyeza, nikagonga, nikashuka na hukumu ile ile. Malipo ya korosho yalikuwa yametoka wiki hiyo. Akaagiza mota mpya, ikaja na basi, nikaifunga kwa mbwembwe zote. Nikabonyeza rimoti. Kimya.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya kazi niliyotakiwa kuifanya siku ya kwanza. Nikafuata kebo kutoka kwenye mota, paa, ukuta, dirisha, mpaka nyuma ya kabati la TV. Nyuma ya kabati nikakuta spilita. Mjukuu wake alikuwa amenunua spilita ya bei ndogo dukani ili apeleke picha na chumbani kwake, akaikata kebo, akaiunganisha, picha ikaja kote kuwili, akafurahi. Tundu alilolitumia kwa ile kebo ya juu ya paa halikuwa na njia nzuri ya kupitisha umeme mwingi. Nikaitoa ile spilita, nikaunganisha kebo moja kwa moja. Dishi likaguna, likazunguka. Nikairudisha mota yake ya zamani. Nayo ikazunguka.

Nilimweleza ukweli wote pale pale uani. Alikaa kimya kidogo, akaniambia: "Mwanangu, mimi nilikuamini wewe. Mota siijui." Nilimrudishia pesa ya ile mota kidogo kidogo, miezi miwili. Tangu siku hiyo sijawahi kutamka neno "imekufa" kabla sijaifuata amri tangu inapotoka mpaka inapofika.

Sasa tuifuate pamoja.

Mnaijua barabara ya kutoka hapa kupanda Newala. Msimu wa korosho malori yanashuka na magunia kuja bandarini, na mengine yanapanda na saruji na sukari. Barabara ni moja, mizigo inapishana. Kebo ya dishi la mota ndivyo ilivyo. Picha inashuka kutoka kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, kuja kwenye risiva. Umeme unapanda kutoka kwenye risiva kwenda kulisha mota na LNB. Na juu ya umeme huo imepakiwa amri, ile sauti ndogo inayoiambia mota iende wapi. Vitu vitatu, waya mmoja.

Mtego uko hapa. Picha kushuka vizuri hakuthibitishi kwamba umeme na amri vinapanda vizuri. Mteja atakwambia, "Kebo nzima, mbona chaneli za setilaiti hii naziona?" Na wewe utamkubalia. Lakini LNB ni mlaji mdogo, nyingi zinatosheka na milliamp 100 hadi 200. Mota ikianza kuzunguka inataka zaidi ya hapo, na inaitaka kwa ghafla. Konekta iliyooza inaweza kuilisha LNB mwaka mzima bila lawama, halafu ikashindwa kuibeba mota hata kwa sekunde moja. Kwa hiyo tukisikia "picha ipo", tumeambiwa habari za lori linaloshuka tu.

Hatua ya kwanza kabisa ukifika juu: geuza shingo uangalie chini ya mota. Mota nyingi hizi ndogo zinazobeba dishi kwa shingo ya bomba zina vibonyezo viwili chini yake, kimoja cha mashariki, kingine cha magharibi, mara nyingine vimefichwa na kifuniko cha mpira. Risiva ikiwa imewashwa, kibonyeze kimoja ukishikilie.

Mota ikizunguka kwa kibonyezo, umeshajua mambo makubwa mawili: umeme unafika wa kutosha, na mota ni nzima. Kilichopotea ni amri. Shuka chini, kosa liko kwenye menyu ya risiva au kwenye kitu kilichowekwa njiani. Isipozunguka kwa kibonyezo, usihangaike na menyu, kaa hapo hapo juu utafute umeme. Kibonyezo hicho kimoja kinakugawia kazi nusu kwa nusu, na bado nawaona mafundi wa miaka mingi wasiokijua. Nawaomba, leo msitoke hapa bila kukigusa.

Tuanze na upande wa umeme, kwa sababu huku kwetu pwani ndiko kwenye makosa mengi.

Risiva inatoa volti 13 kwa chaneli za wima na volti 18 kwa chaneli za mlalo. Mota inafanya kazi kwa zote mbili, ila kwa 18 inakwenda haraka zaidi. Fundi anatoa kebo kwenye mota, anaweka mita, anasoma 18, anasema umeme upo. Hapana. Umeme huo haujabebeshwa kitu. Mtu anaweza kusimama wima vizuri kabisa mpaka umtwishe gunia.

Ndiyo maana natembea na hii. Wa nyuma mnaiona? Ni rizista ya omu 47, wati 10, nimeichomelea kwenye konekta ya kike. Bei yake haifiki nauli ya bodaboda kutoka hapa kwenda Mikindani. Ukiifunga mwisho wa kebo, kwa volti 18 inavuta karibu milliamp 380, mzigo unaofanana na wa mota inayofanya kazi. Ipime volti ikiwa imeshikwa na rizista. Usiiache zaidi ya sekunde chache, inachoma vidole kweli kweli.

Niwape mfano mmoja kwa karibu. Shangani, nyumba inayotazama bahari, mota haizunguki kwa risiva wala kwa kibonyezo. Nikapima kebo tupu: 18.3. Safi. Nikafunga rizista: 9.7. Zaidi ya volti 8 zimeliwa njiani. Nikashuka, nikapima kwa rizista ile ile mgongoni mwa risiva: 17.6. Basi risiva nzima, mwizi yuko kwenye kebo. Ilikuwa na kiungo kimoja tu, chini ya pembe ya paa, kimefungwa tepu nyeusi ya umeme. Nikaichambua ile tepu. Ndani kulikuwa na maji. Waya wa katikati ulikuwa mweusi kama njiti ya kiberiti iliyozimwa, na kuzunguka shingo ya konekta kumetoka unga wa kijani, ule wa shaba iliyolishwa chumvi. Nilipoushika waya kwa koleo ukakatika bila kuvutwa. Picha ilikuwa inapita kwenye kitu hicho. Picha nzuri! Nikakata sentimita 10 kila upande, nikaweka konekta mpya mbili na kiungo kipya, nikapanda, nikafunga rizista: 16.4. Nikarudisha mota, dishi likaondoka.

Kushuka volti moja au mbili chini ya mzigo ni kawaida, hasa kebo ikiwa ndefu. Kebo nyingi za bei nafuu zina waya wa katikati wa chuma uliopakwa shaba juu, na chuma kinapitisha umeme kwa shida kuliko shaba tupu. Kwa picha haina neno. Kwa mota iliyo mita 30 au 40 kutoka kwenye risiva, tafuta kebo yenye shaba ndani, mweleze mteja kwa nini, atakuelewa. Lakini ukiona volti zimeanguka mpaka 11 au 10, kuna mahali panapooza, na kazi yako ni kupapata.

Na chumvi haichagui mtaa. Kusi ikivuma miezi yake, umande wa bahari unapanda mpaka ndani ya mji. Tepu ya umeme peke yake inakusanya maji badala ya kuyazuia. Tumia tepu ya mpira inayojinata yenyewe, izungushe ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo ipishane kama vigae. Kebo inapoingia kwenye mota au LNB, iache ining'inie kidogo chini kabla ya kupanda kuingia, maji yadondokee pale kwenye mpindo yasifuate waya. Na hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa makini na maji. Tuko latitudo ya nyuzi 10 na kidogo kusini mwa Ikweta, setilaiti zote zimekaa juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 35,786, kwa hiyo dishi letu linatazama kaskazini, tena karibu na utosi. Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki kwa mtu wa Mtwara iko kwenye mwinuko wa nyuzi 77. Dishi kubwa la futi sita likitazama huko linakaa kama beseni. Nimeona watu wakitoboa tundu dogo chini ili mvua isikae. Ni sawa, tundu dogo halina dhambi. Uzito wa maji kwenye mota ndio wenye dhambi.

Kabla sijaacha upande huu: risiva yenyewe inaweza kuchoka. Kapasita zikizeeka, volti 18 zinaanguka zikibebeshwa hata pale pale mgongoni mwake. Ukiona hivyo, azima risiva nyingine ujaribu kabla ya kusema lolote. Na zima risiva kila unapofungua konekta. Nyuzi za shaba za nje zikigusa waya wa katikati huku umeme upo, unaweza kuiua risiva ya mtu, halafu utafika na makosa mawili badala ya moja.

Haya, sasa upande wa amri. Kibonyezo kimeizungusha mota, rimoti haiizungushi.

Amri hii tunaiita daiseki, kwa maandishi ni DiSEqC, lugha iliyobuniwa na Eutelsat. Risiva inaiandika juu ya umeme kwa mtetemo wa mara 22,000 kwa sekunde, wenye kimo cha kama volti 0.65 tu. Ni kitu kidogo sana kilichopanda mgongoni mwa volti 18. Ujumbe wenyewe ni mfupi. Unaanza na E0, kama hodi. Kisha anwani ya anayeitwa: mota ni 31, swichi ni 10. Kisha kazi: 68 ni zunguka mashariki, 69 magharibi, 60 simama, 6B nenda kwenye nafasi namba fulani uliyoihifadhi, 6E nenda kwenye nyuzi fulani. Siwaambii haya ili myakariri. Nataka mwone kwamba mota haitii chochote kisicho na anwani yake. Ukiwa umemwagiza risiva azungumze na swichi peke yake, mota inasikia hodi ya jirani, inakaa kimya. Ina haki.

Kwa hiyo fungua menyu, na usiangalie setilaiti moja tu. Risiva nyingi zinahifadhi mpangilio wa mota kwa kila setilaiti peke yake. Mteja anakwambia dishi haliitikii, kumbe linaitikia setilaiti tatu, ile ya nne aliyoiongeza juzi ndiyo haikuwashiwa mota. Angalia pia umeme wa LNB usiwe umezimwa. Kama ni LNB ya dishi kubwa isiyohitaji ule mtetemo, uzime, usiachwe ukilia muda wote ukafunika amri. Haya huharibika hasa pale mtu alipoirudisha risiva kwenye mpangilio wa kiwandani au alipopakia programu mpya. Muulize mteja kwa upole: "Mama, kuna mtu aliigusa menyu karibuni?" Atamtaja mtoto. Usimsababishie mtoto viboko, wewe tengeneza tu.

Njia za kuendesha mota ni mbili. Ya kwanza ni daiseki ya kawaida, 1.2, ambapo wewe mwenyewe unalipeleka dishi mpaka picha inasimama, unahifadhi nafasi. Ya pili ni USALS, mfumo wa kampuni ya STAB ya Italia, ambapo unaiambia risiva ulipo, yenyewe inapiga hesabu. Na hapo kwenye kuiambia ulipo ndipo mafundi wetu wanapoangukia.

Mtwara iandikeni hivi: longitudo 40.2 mashariki, latitudo 10.3 kusini. Kusini, ndugu zangu. Risiva nyingi zinakuja zikiwa zimeandikwa kaskazini, au zimeandikwa sifuri kote. Ukiacha sifuri kwa sifuri, risiva inaamini nyumba ya mteja iko katikati ya bahari, kusini mwa Ghana. Ukiiomba setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa madishi ya Azam, inaona ni hapo hapo juu kichwani, inasogeza mota nyuzi saba nane tu kisha inasimama. Mteja anasema haliitikii. Limeitikia, lakini swali ndilo lililokosewa. Kwa mtu wa hapa, setilaiti hiyo iko mbali magharibi, mota inapaswa kwenda karibu nyuzi 38 kutoka katikati. Tena kutoka hapo kwenda Intelsat 20, iliyo nyuzi 68.5 mashariki, ni mwendo wa nyuzi zaidi ya 70 kwenye shingo ya mota. Kwa volti 13 inaweza kuchukua karibu dakika nzima. Kwa hiyo simama, sikiliza mngurumo, hesabu mistari kwenye kipimo cha mota. Fundi asiye na subira anabonyeza tena na tena, anaichanganya.

Na ukiandika kaskazini badala ya kusini, mota itakwenda upande wa pili kabisa. Hiyo mara mbili nimeitwa niitazame kama mota mbovu.

Kuna na mpaka. Menyuni kuna mahali pa kuweka mpaka wa mashariki na wa magharibi ili dishi lisigonge ukuta. Mtu akiuweka bila kujua, mota inatii upande mmoja, upande mwingine haigusi. Futa mipaka, jaribu tena.

Kisha vitu vya njiani. Spilita nimeshawasimulia. Amplifaya za laini, swichi za bei rahisi, viungo vya ukutani, vyote vinaweza kuulainisha ule mtetemo wa volti 0.65 mpaka ubaki mnong'ono. Sheria yangu ni kwamba kwenye kutafuta kosa, kebo moja inatoka risiva inaingia mota, basi. Vingine vyote nje. Mota ikitii, rudisha kimoja kimoja. Na kwenye mota yenyewe angalia matundu mawili: moja limeandikwa REC, hapo inaingia kebo ya risiva, jingine LNB. Yakibadilishwa, picha inaweza kuja kama kawaida na mota isisikie neno. Dakika moja ya kusoma maandishi madogo.

Hii ya mwisho juu ya mota hizi ndogo niipite haraka: kama umeme na amri vyote viko sawa na bado haiendi, legeza dishi uzungushe kwa mkono ujue kama limekwama kwenye tawi la mwembe au nguzo, kisha fungua kifuniko. Ndani utakuta maji, au sisimizi waliohamia, au gia iliyoliwa. Hapo, na hapo tu, unaruhusiwa kumwambia mteja kwamba mota imekufa.

Dishi kubwa la mota ya mkono, ule mkono mrefu unaosukuma na kuvuta, lina desturi zake. Hilo halitumii kebo ya picha. Lina kisanduku chake, wengine wanakiita pozishona, kinachotoa volti 36, na nyaya nne: mbili za mota, mbili za kuhesabu mizunguko. Lindi kuna mwenye banda umiza aliniita mchana wa siku ya mechi ya Simba na Yanga. Watu wameshaanza kukaa kwenye mabenchi. Mkono unasogea vidole viwili, unasimama, kisanduku kinaandika kosa. Ukikibonyeza tena, vidole viwili, kimya.

Vidole viwili vile vilikuwa vinasema kila kitu. Mota ina nguvu, maana imesogea. Kisanduku kinaizima kwa sababu hakisikii hesabu. Ndani ya mkono, karibu na gia, kuna sumaku kwenye gurudumu dogo, na pembeni yake kichupa cha kioo chembamba, urefu wake kama punje mbili za mchele, chenye vibati viwili ndani. Sumaku ikipita, vibati vinagusana, kisanduku kinahesabu moja. Nikaweka mita kwenye mlio, nikaunganisha betri ya bodaboda ya volti 12 kwenye nyaya mbili za mota. Kwa volti 12 mkono wa volti 36 unakwenda, ila polepole, na hiyo polepole ndiyo nzuri kwa kusikiliza. Mkono ukatembea. Mita haikulia hata mara moja. Nikafungua. Kichupa kilikuwa na ufa, na ndani yake kutu. Mvua iliingia kwa sababu aliyefunga mkono aliyageuza matundu ya kutolea maji juu. Nilikuwa na sensa ya mlango ya kengele ya wezi, ya zamani, kwenye kisanduku changu. Ndani yake kuna kichupa cha aina ile ile. Nikakihamisha, nikaugeuza mkono matundu yatazame chini, nikavalisha mpira. Mpira wa kuanzia ulipopigwa, picha ilikuwapo.

Nimalizie na malipo, maana najua mnalifikiria. Ukimbadilishia mteja mota, anakulipa bila kubisha, kwa kuwa ameona chuma kipya. Ukimbadilishia konekta moja, anasema, "Yaani umegusa tu waya." Hapo ndipo fundi anaposhawishika kusema uongo. Mimi nafanya hivi: kabla sijashika ngazi, namwambia bei ya kutafuta kosa, mbali na bei ya vifaa. Akikataa naondoka kwa heshima. Akikubali, nikishuka namwonyesha kile kipande kilichooza, namwekea mkononi akishike. Namwonyesha mita kabla na baada. Mzee wa Mikindani bado ananipigia, na huwa ananiletea majirani zake.

Sasa tutoke nje. Pale mezani kuna mota nne ambazo wenyewe waliambiwa zimekufa. Mbili nimezijaribu, mbili sijazigusa. Risiva iko pale, kebo ya mita 30 iko pale, ina kiungo kimoja nimekiharibu kwa makusudi, na rizista ziko kwenye kopo la maziwa. Aanze huyu kijana wa Lindi, maana basi lake la kurudi linaondoka saa nane.